Chai ya kwetu ina ladha gani?

Msomaji, hebu nikuulize swali dogo kabla hujamaliza staftahi yako ya Jumapili. Hicho kikombe kilicho mbele yako, chai yake ina ladha gani? Usiniambie ni tamu, kwa maana utamu huo ni wa sukari. Usiniambie ni nzito, kwa maana uzito huo ni wa maziwa. Nakuuliza juu ya chai yenyewe.

Ukishindwa kujibu usione haya. Mimi nilizaliwa Bomet katikati ya mashamba ya chai, nikasomeshwa kwa pesa za chai, na bado swali hilo lilinishinda mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Wafanyakazi wenzangu hapa Nairobi walialikwa kwenye hoteli moja jioni ili kuonja divai, nami nikaombwa niandamane nao. Kwetu tulilelewa na kanisa, na chupa ya pombe haikuwahi kuvuka kizingiti cha mama yangu. Basi nilikwenda kwa udadisi tu, nikaketi na glasi yangu ya maji ya matunda, nikatazama.

Nilichokiona kilinishangaza. Kabla ya kumimina chochote, yule mwenye kuendesha shughuli aliwaeleza watu zabibu zile zilitoka mlima upi, udongo wake ulikuwa wa namna gani na mwaka ule mvua ilinyesha vipi. Kisha kila mmoja akapokea funda dogo, akalinusa, akalizungusha kinywani, akasema alichokipata. Mmoja alisema amesikia harufu ya zambarau, mwingine harufu ya ubao uliokatwa jana. Mwanzoni nilicheka moyoni. Baadaye nikaona hawakuwa na mzaha hata kidogo.

Ndipo mwenzetu mmoja aliponigeukia. "Bwana, wewe ni mtu wa Bomet," akasema. "Watu wa Naivasha wana zabibu zao, watu wa Dodoma wana zao. Nyinyi mna chai. Hebu tueleze, chai ya kwenu ina ladha gani?"

"Ni tamu," nikajibu.

Meza nzima iliangua kicheko. Nami nilicheka nao, lakini nikirudi nyumbani ndani ya matatu usiku ule kicheko kiliniishia. Nilijiuliza: mtu anawezaje kuchuma kitu tangu akiwa mtoto wa miaka saba na asijue ladha yake?

Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui jinsi mambo yalivyokuwa. Baba alipanda miche yetu ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wakulima wadogo walipokuwa wakihimizwa kulima zao ambalo zamani lilikuwa la makampuni makubwa na walowezi. Wakati wa likizo tuliamka alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, tukajifunga mifuko ya plastiki kiunoni tusilowe. Mama alitangulia na kapu mgongoni. Alitufundisha kuchuma majani mawili na chipukizi lake, si zaidi. Ukichuma la tatu, jani gumu, karani wa kituo cha kununulia chai alilitoa na kulitupa mbele ya majirani, na aibu hiyo ilikuwa kubwa kuliko hasara.

Pale kituoni mzani ulisema kilo zetu, karani akaandika, lori likaja likazoa majani, likaenda zake kiwandani. Huo ndio uliokuwa mwisho wa ujuzi wetu. Chai tuliyokunywa nyumbani ilitoka dukani ndani ya pakiti kama ya mtu mwingine yeyote, ikachemshwa na maziwa na sukari hadi ikawa rangi ya udongo. Ilikuwa chai nzuri na siikatai hata leo. Lakini kati ya jani lililotoka mkononi mwa mama na pakiti iliyorudi kutoka dukani palikuwa na giza tupu. Wahenga walinena kwamba penye miti hakuna wajenzi.

Basi, msomaji, nikaamua kuutafuta huo uonjaji wa chai humu mjini. Nakusimulia nilivyotafuta ili wewe usipoteze pesa kama nilivyopoteza mimi.

Mahali pa kwanza palikuwa hoteli iliyotangaza alasiri ya kuonja chai. Nilimchukua mke wangu, tukavaa vizuri, tukalipa. Tuliletewa keki za namna tatu, sambusa ndogo za kumezwa mara moja, na birika la maji ya moto pamoja na sanduku la vifuko vya chai. Nilipomuuliza kijana aliyetuhudumia chai ile ilitoka wapi, alifikiri kidogo akasema, "Kutoka stoo, mzee." Keki zilikuwa nzuri. Lakini kula keki kando ya chai si kuonja chai.

Mahali pa pili palikuwa bora zaidi. Limuru ni karibu na Nairobi, na huko ndiko mbegu za kwanza za chai zilikopandwa nchini mwaka wa 1903, zilizoletwa kutoka India. Liko shamba la Kiambethu, lililoanzishwa mwaka wa 1910, ambalo limepokea wageni kwa miaka mingi. Mgeni huelezwa jinsi chai ilivyoingia Kenya, akatembezwa kando ya mashamba na msitu, kisha akala chakula cha mchana. Kwa familia yenye watoto ni safari njema. Huko wanangu waliona kwa mara ya kwanza kwamba mchai ukiachwa bila kukatwa huwa mti mrefu kabisa, na kwamba tunaukatakata ili ubaki kimo cha kiuno cha mchumaji.

Lakini bado nilikuwa na kiu. Nilitaka kumwona mtu ambaye kazi yake ni ulimi. Na mtu huyo hapatikani Nairobi. Yuko Mombasa.

Huenda umewahi kujiuliza kwa nini chai ya milimani inauzwa pwani. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka wa 1956, ukahamia Mombasa mwaka wa 1969 kwa sababu bandari iko huko na meli hazipandi milima. Chai ya Kenya huuzwa huko pamoja na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Burundi. Siku hizi wanunuzi hawapigi kelele ukumbini, kwa kuwa tangu mwaka wa 2020 mnada huendeshwa kwa kompyuta. Lakini hakuna kompyuta iliyojifunza kunywa chai. Kabla ya mnada, madalali na wanunuzi hupokea sampuli za kila shehena, nao huzionja moja moja.

Nina binamu afanyaye kazi katika ghala moja la chai huko Mombasa. Alinitafutia ruhusa ya kuingia chumba cha kuonjea cha kampuni moja asubuhi, kwa sharti kwamba nisijipake manukato na nisile kitunguu.

Msomaji, sijapata kuona chumba kama kile. Meza ndefu ilitoka ukuta hadi ukuta, na juu yake palikuwa na vikombe vyeupe vya kauri vilivyopangwa kama askari. Mbele ya kila kikombe palikuwa na kikopo cha majani makavu, na nyuma yake majani yaliyokwisha kupikwa yamegeuzwa juu ya kifuniko ili yaonekane. Kila kitu kilipimwa. Kuna hata kipimo cha kimataifa kilichoandikwa mwaka wa 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6 kamili. Kipimo hicho hakikusudii kutengeneza kikombe kizuri. Kinakusudia kila chai ihukumiwe kwa haki sawa, na kasoro isipate pa kujificha.

Mwonjaji alikuwa bwana wa makamo aliyevaa aproni. Alichota kwa kijiko, akavuta kwa mdomo kwa sauti ambayo mama yangu angenichapa kwayo, akazungusha kinywani kwa nukta chache, kisha akatema ndani ya chombo kirefu chenye magurudumu alichokisukuma kando yake. Akasema maneno mawili, karani akaandika bei, akahamia kikombe cha pili. Aliniambia kwamba siku yenye kazi huonja mamia ya vikombe. Kile kishindo cha kuvuta si utovu wa adabu, bali huirusha chai pamoja na hewa hadi nyuma ya kinywa, mahali harufu inapopandia puani. Chai ya kwetu huionja pia kwa maziwa kidogo, kwa sababu wengi wanaoinunua wataifikisha kwa watu wanaoinywa hivyo.

Nilimwomba anifundishe maneno. Nilidhani atanipa maneno ya kigeni, lakini tulipozungumza kwa Kiswahili nilitambua kwamba maneno tunayo tangu zamani. Lipo neno *ukakasi*, yaani ile hali ya ndizi mbichi inayokaza ulimi. Chai njema huwa na ukakasi unaoshika kando za ulimi kisha ukaachia. Chai mbaya hukaza na kubaki kama gundi. Upo *ukali*, upo *uzito*, ipo *rangi*. Na upo *wepesi wa kuamsha*, yaani kile kinachokufanya utake funda la pili kabla hujajua kwa nini. Chai iliyocheleweshwa kiwandani huwa na ladha ya kitu kilicholala. Iliyokaushwa kwa moto mkali huonja kama mkate ulioungua.

Alinieleza pia jambo lililoondoa ujinga wangu wa miaka mingi. Kwetu watu husema chai nzuri huenda ng'ambo na sisi huachiwa vumbi. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya huuzwa nje, Pakistan ikiwa mnunuzi mkubwa kuliko wote. Lakini vumbi, katika lugha ya viwanda, si uchafu uliofagiwa sakafuni. Ni ukubwa wa chembe tu. Majani hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwa na kusagwa, huachwa yachache hadi yageuke rangi ya shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa. Chembe kubwa huitwa BP1, zinazofuata PF1, kisha PD, halafu D1. Zote hizo zaweza kutoka katika jani lile lile jema. Chembe ndogo hutoa rangi na nguvu upesi, na hiyo ndiyo sababu zinaifaa sufuria yetu ya maziwa. Madaraja ya chini yapo na yamo sokoni, lakini ukubwa wa chembe peke yake haukuambii kama chai ni nzuri. Huna budi kuonja.

Mwishoni nilimwomba anionyeshe chai ya kwetu. Alitafuta katika safu akasimama mbele ya kikombe kimoja. Kila mfuko wa chai hubeba alama ya kiwanda chake hadi mnadani, kwa hiyo chai ya Kapkoros haipotei ndani ya chai ya Mogogosiek, wala ya Tirgaga ndani ya ya Kangaita kule Kirinyaga. Nilichukua kijiko. Nilivuta, kwa sauti, mbele ya wageni.

Ilikuwa kali, na ukakasi wake ulinishika kama mkono wa mtu anayenijua. Kisha ukaachia. Rangi yake ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonja chai ya kwetu.

"Mbona hutemi?" binamu yangu akaniuliza. Nilikuwa nimeshameza.

Msomaji, najua huna binamu Mombasa na vyumba vile havifunguliwi kwa kila mpita njia. Lakini jambo lenyewe laweza kufanywa jikoni kwako. Sisi tulilifanya Jumapili iliyofuata, nalo sasa ni desturi ya nyumba yetu. Mwanafunzi katika chumba cha kupanga aweza kulifanya pamoja na wenzake, kila mmoja akileta pakiti moja ndogo.

Nunua pakiti tatu au nne za majani chai za aina mbalimbali. Tafuta vikombe vya rangi nyeupe vilivyo sawa, kwa sababu kikombe cha rangi hudanganya macho. Kikombe cha kadiri hupokea kijiko kimoja kidogo cha majani kilichosawazishwa kwa kisu. Maji yawe mapya, yachemke kwelikweli, na yawe maji yale yale kwa vikombe vyote. Mimina, funika kwa visahani, ngoja dakika 6, chuja. Usitie sukari wala maziwa. Nusa kwanza, kisha onja kikombe cha kwanza hadi cha mwisho na urudi tena, kwa maana ulimi hujifunza kwa kulinganisha. Kikombe kimoja peke yake hakifundishi kitu.

Tulificha pakiti, tukaweka namba chini ya vikombe, kila mtu akaandika aliyoyaona kabla ya kusema. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliandika juu ya kikombe cha pili: "Hii inanuka kama nyasi baada ya mvua." Mdogo wake aliandika: "Hii inanuka kama daftari." Wote wawili walikuwa sahihi. Ile ya daftari ilikuwa pakiti ya zamani iliyokaa kabatini kando ya sabuni, na tangu siku hiyo majani chai yetu hukaa ndani ya mkebe unaofungwa vizuri.

Ukitaka kuwafurahisha watoto zaidi, tafuta chai ya zambarau. Ni aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Majani yake ni ya zambarau, na ukikamulia ndimu ndani ya kikombe rangi hugeuka ya waridi mbele ya macho yao.

Jambo jingine la kukumbuka ni maji. Nairobi ipo juu sana, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Huishia kama 94 hivi. Mombasa yanafika 100. Kwa hiyo majani yale yale yatatoa kikombe chenye nguvu zaidi pwani, mradi maji si ya kisima cha chumvi. Usishangae basi chai ya shangazi yako wa Kisauni isipofanana na yako ilhali mnanunua pakiti moja.

Na ikiwa unatafuta mahali pa kwenda kuonja, iwe chai, kahawa au hata divai kwa wewe uliye mtu mzima na uinywaye, nitakupa dalili nilizojifunza. Uliza kitu hicho kinatoka wapi, wasipojua, ondoka. Hesabu vikombe, kama ni kimoja tu kikubwa, hiyo ni biashara ya kunywesha, si ya kuonjesha. Tazama kama kuna pa kutemea. Asiyekuruhusu kutema hataki uonje, anataka ulewe au ununue. Mwisho, sikiliza kama anayekuonjesha anakuuliza umepata nini kinywani kabla ya kukuambia ulichopaswa kupata. Huyo wa mwisho ukimpata, rudi kwake hata kama mahali pake ni kibanda.

Sasa nikumalizie kisa changu.

Desemba tulipanda gari kwenda Bomet. Nilikuwa nimebeba vikombe sita vyeupe na sampuli ndogo niliyopewa Mombasa, nimeifunga kama dhahabu. Mama yangu amepita miaka sabini. Mgongo wake umekubali umbo la kapu, lakini bado huingia shambani asubuhi kukagua wachumaji. Wajukuu walimzunguka. "Kogo, leo utaonja chai," wakamwambia. Akacheka. "Mimi nakunywa chai kila siku."

Tulipanga vikombe mezani. Alipoona hakuna maziwa alinitazama kwa huruma, akidhani mambo yameniwia magumu mjini. Nilimweleza jinsi wale mabwana wa Mombasa wanavyovuta, wanavyozungusha, na wanavyotema.

"Wanatema?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Wanatema chai yangu?"

Nilimweleza kwamba ni kazi, kwamba mtu hawezi kumeza vikombe mia tano. Alinyamaza kitambo. "Basi mimi nalipwa kwa kile kinachotemwa," akasema.

Nilikosa jibu, kwa maana ni kweli. Bei ya chai ya kiwanda hutegemea sana kile ambacho ulimi wa mtu asiyemjua umesema ndani ya nukta tatu, na bonasi ya mwisho wa mwaka hutoka katika bei hiyo baada ya gharama kutolewa. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, sisi wa Bomet na Kericho tukiwemo, tumelalamika kwa miaka mingi kwamba bonasi yetu ni ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki. Ubishi huo una mengi ndani yake, ya usimamizi, ya gharama na ya ubora, na sina nia ya kuumaliza hapa. Lakini niliona uzito wa jambo moja. Mnapoketi kujadili bei ya kitu, na upande mmoja wa meza unajua ladha yake na upande mwingine haujui, hayo si mazungumzo ya watu walio sawa.

Mama alivuta kikombe chake. Hakutoa sauti kubwa, adabu ilimzuia. Akaonja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alirudi kwenye cha pili. Hicho kilikuwa cha kwetu, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Hii ilichumwa wakati wa baridi," akasema.

Nilikwenda kuitazama karatasi niliyopewa pamoja na sampuli. Ilikuwa chai ya mwezi wa Julai.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema kwamba mwezi wa saba majani hukua polepole, huja madogo na mazito mkononi, na kapu halijai hata ukichuma hadi saa nane. "Wakati wa mvua majani hukimbia kama watoto, kapu hujaa upesi, lakini jani ni maji tu. Nimelishika jani hilo tangu baba yako hajanioa. Mkono wangu unajua. Sikujua kama na mdomo unajua."

Yule bwana wa Mombasa alikuwa ameniambia jambo lilo hilo kwa maneno yake: kwamba chai bora ya milima yetu huja katika miezi mikavu ya mwanzo wa mwaka na tena wakati wa baridi ya Julai, mvua zinapokuwa zimetulia. Mmoja alilijua kwa ulimi, mwingine kwa vidole, nao hawajawahi kukutana.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu utoto wote. Mama yangu ni mwonjaji tangu zamani. Mpe mursik kutoka nyumba yoyote pale kijijini, naye atakuambia kibuyu kilisuguliwa kwa mkaa wa mti gani, maziwa yamelala siku ngapi, na mara nyingi ni kibuyu cha nani. Hakuna aliyemfundisha kwa karatasi. Alijifunza kwa sababu mursik ulitengenezwa na kunywewa mahali pamoja, na mtengenezaji alisikia palepale aliyoyasema mnywaji. Kwa chai hatukupewa nafasi hiyo. Lori lilipita katikati.

Siku hizi viwanda vingine vimeanza kutengeneza chai za majani mazima, na vijana wachache huuza chai ya shamba lao ikiwa na jina la kijiji chao juu ya pakiti. Hilo ni jema. Lakini mnunuzi wa kwanza wa chai hiyo ni nani kama si wewe wa Nairobi, wa Nakuru, wa Kisumu? Nawe utainunuaje kwa bei inayostahili ikiwa kwako chai yote ni maji ya rangi ya kutilia sukari?

Tulipomaliza, mama alikusanya chai yote iliyobaki katika vikombe vile sita, akaimimina ndani ya sufuria, akatia maziwa, akatia sukari, akaiweka jikoni ichemke. "Sasa tunywe chai," akasema, na watoto wakashangilia. Ilikuwa tamu.

Lakini yule mwenzangu akiniuliza tena nitamjibu vingine. Nitamwambia chai ya kwetu ni kali kidogo, inashika kando za ulimi kisha inaachia, rangi yake ni ya shaba, na ukiipata ya Julai ujue kuna mtu ambaye kapu lake halikujaa siku hiyo.

Na wewe, msomaji, kikombe chako kimeshapoa. Pika kingine. Safari hii, kabla ya sukari, onja funda moja.